Waliokatwa Nasaba: Kuwatafuta Watumwa na Mahuru katika Nyaraka za Pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, elimu ya nasaba, yaani ujuzi wa kutaja baba, babu na wazee wa nyuma yao kwa mfululizo usiokatika, ilikuwa kwa karne nyingi sehemu ya mali ya ukoo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua nani amrithi nani, nani aozwe binti wa nani na nani apewe nafasi gani katika mambo ya mji. Masharifu wa Ba Alawi, ambao chimbuko lao ni Hadhramaut, waliziandika nasaba zao katika vitabu vya shajara, yaani miti ya ukoo, na koo zenye asili ya Oman zilibeba nisba, yaani jina la kabila au la ukoo linalofungwa mwishoni mwa jina la mtu, kama vile al-Busaidi, al-Mazrui au al-Barwani. Mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliitwa kwa ukamilifu Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, na mtafiti anayeanza na jina hilo tayari anao vizazi vinne na kabila kabla hajafungua daftari lolote.

Watu waliolima mashamba yake hawakuachiwa urithi wa namna hiyo. Mtumwa aliyefikishwa Unguja kutoka nchi za Ziwa Nyasa katikati ya karne ya 19 alikuja na jina alilopewa na wazazi wake, akalipoteza ndani ya siku chache, akapewa jingine na bwana wake, na tangu hapo akatajwa kwa jina hilo moja tu pamoja na jina la mwenye kummiliki. Wajukuu na vitukuu vyake leo ni walimu, wavuvi, mashehe, mapadri na mawaziri katika nchi zote za Afrika Mashariki, na wengi wao wakiulizwa juu ya babu wa babu yao hufika kwenye ukuta. Ukuta huo ulijengwa na sheria na biashara, na nasaba zilizoishia hapo hazikusahauliwa kwa uzembe wa wazee bali zilikatwa kwa makusudi. Jambo la kusikitisha, na wakati huohuo lenye faida kwa mtafiti, ni kwamba mfumo uliozikata uliacha karatasi nyingi, na kwamba karatasi hizo zikisomwa kwa subira zinaweza kurudisha sehemu ya kilichokatwa. Sharti lake ni moja na si jepesi: anayemtafuta mtumwa hana budi kuanza kwa kumtafuta bwana wake.

Orodha kubwa ya mapema yenye majina ya watumwa wa Unguja ilitokana na kazi ya Christopher Palmer Rigby, balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo kuanzia mwaka 1858 hadi 1861. Rigby alishikilia kwamba Wahindi waliokaa Unguja walikuwa raia au watu wa himaya ya Uingereza, na kwa kuwa sheria ya Uingereza iliwakataza kumiliki watumwa, mwaka 1860 na 1861 aliwaachisha huru watumwa zaidi ya 3,000 waliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara hao. Kila mmoja aliandikwa na kupewa hati, yaani waraka wa kuthibitisha kwamba ni huru. Nia ya orodha hiyo haikuwa kuhifadhi nasaba ya yeyote. Ilikuwa ushahidi wa kumzuia mwenye mali asimdai tena aliyetolewa mikononi mwake.

Inafaa kutulia kidogo juu ya mstari mmoja wa daftari la aina hiyo, kwani ndani yake mna mafunzo yote ya kazi hii. Tuseme umeandikwa kwamba yupo mwanamume aitwaye Mabruki, Mnyasa, mwenye umri wa miaka 25, mtumwa wa mfanyabiashara fulani wa mjini. Jina Mabruki lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mwenye baraka. Lilikuwa miongoni mwa majina waliyopewa watumwa mara kwa mara, pamoja na Feruzi, Faraji, Baraka, Zafarani na Tufaha, kwa hiyo katika daftari lenye maelfu ya watu wamo akina Mabruki wengi, na mwandishi wa Kiingereza, aliyeandika kwa kadiri sikio lake lilivyosikia, angeweza kulipa jina hilohilo maumbo matatu katika kurasa tatu. Umri nao ni wa kukisiwa kwa macho. Neno Mnyasa halitaji kabila kwa maana inayoeleweka leo, kwa sababu liliwakusanya Wachewa, Wamang'anja, Watumbuka na wengine wengi ambao kitu kilichowaunganisha machoni mwa wenyeji wa Unguja ni kwamba walitoka upande wa ziwa hilo na kupakiwa majahazini Kilwa Kivinje, bandari iliyokuwa mlango mkuu wa biashara ya watumwa wa kusini. Kinachobaki kikiwa na uhakika katika mstari mzima ni jina la mwenye mali na mahali alipokaa, kwa sababu hilo ndilo lililomhusu mwandishi. Mtafiti anayepuuza safu hiyo ya mwisho kwa chuki ya haki dhidi ya bwana huyo hujinyima uzi pekee unaoweza kumfikisha kwenye hati za mirathi, za rehani na za mauzo ambamo Mabruki huyohuyo huenda akaonekana tena, safari hii akiwa na mke na watoto.

Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash bin Said alitia saini kwa shinikizo la Waingereza na ambao ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja, hali ya nyaraka ilizidi kuwa ngumu. Watumwa waliendelea kuingizwa kwa siri, lakini tangu hapo kila aliyeingizwa alikuwa mali haramu, na hakuna mwenye mali ambaye angekubali hilo liandikwe. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, uhuru haukuja wenyewe kwa kila mtu: mtumwa alitakiwa kwenda mahakamani kuuomba, akionyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu asije akahesabiwa mzururaji, na bwana wake aliyeweza kuthibitisha kwamba alimmiliki kihalali alilipwa fidia. Kwa hiyo yule aliyetaka fedha alikuwa na kila sababu ya kudai kwamba mtumwa wake ni mzalia, yaani aliyezaliwa nyumbani kwa bwana hapa pwani, au kwamba aliletwa kabla ya mwaka 1873. Anayesoma madaftari hayo leo na kumkuta babu yake ameandikwa kuwa mzalia wa Pemba anapaswa kujiuliza kama habari hiyo ilitoka kinywani mwa babu au mwa aliyetarajia fidia. Mara nyingi umri huisaliti hesabu, kwa mfano pale mtu anapodaiwa kuletwa kabla ya mkataba ilhali miaka aliyoandikiwa inaonyesha kwamba wakati wa mkataba alikuwa hajazaliwa, na hapo ukweli hupenya kwa bahati.

Upande wa bara ya Kenya, katika ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani lakini ukitawaliwa na Waingereza, sheria ya namna hiyo ilitoka mwaka 1907, na madai ya fidia yaliyoletwa mbele ya maofisa wa Mombasa, Malindi na Lamu yaliacha majalada yake. Karibu wakati huohuo ilikuja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye shamba pwani kuthibitisha haki yake, na katika mashauri yaliyofuata wazee walisimama kueleza nani alipanda mnazi upi, kwa idhini ya nani, na mwenye kupanda alikuwa mtu wa nani. Majalada ya ardhi kwa kawaida hayapewi heshima yoyote na watafutao nasaba, jambo ambalo ni kosa kubwa, kwani mnazi mmoja uliogombaniwa uliwalazimisha watu kutaja kwa kiapo uhusiano ambao nyumbani usingetajwa kamwe.

Chimbuko lenye utajiri kuliko yote, hata hivyo, halimo katika ofisi za wakoloni bali katika sheria ya Kiislamu yenyewe, na hapa pana jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Bwana akimwacha mtumwa huru, uhusiano wao haukuisha. Uligeuka kuwa walaa, yaani kifungo cha kisheria kinachomweka aliyeachwa huru katika kivuli cha ukoo wa aliyemwacha. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huru akifa bila kuacha ndugu wa damu wa upande wa kiume, aliyemwacha huru, au wanawe wa kiume ikiwa yeye mwenyewe amekwisha kufa, alihesabiwa miongoni mwa warithi. Kama marehemu aliacha binti mmoja peke yake, binti huyo alichukua nusu ya mali na nusu iliyobaki ikaenda kwa ukoo wa bwana wa zamani. Sheria hiyo iliwanyima watu wengi jasho la wazee wao, na uchungu wake haufichiki kwa yeyote anayesoma mashauri ya mirathi ya mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kwa sababu hiyohiyo kila upande ulilazimika kuleta ushahidi wa nasaba. Ukoo wa bwana ulieleza marehemu aliachwa huru na nani na lini, na jamaa wa marehemu, kama walikuwapo, wakaeleza kwa majina kwamba alikuwa na kaka, au baba mdogo, au mtoto wa kaka, ili kuifunga njia ya kifungo hicho. Kadhi aliandika yote mawili. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwa na nasaba ya kuandikwa aliipata siku mali yake ilipogombaniwa.

Wakfu ulifanya kazi kama hiyo kwa njia ya upole zaidi. Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake akayaelekeza kwa jambo la kheri au kwa watu maalumu, na desturi iliyoenea Unguja na Mombasa ilikuwa ya matajiri, wanaume kwa wanawake, kuwafungia mahuru wao nyumba au shamba, wakitamka kwamba ni lao na la vizazi vyao kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1905 serikali ya Zanzibar iliunda kamisheni ya kusimamia wakfu, na tangu hapo madai yalianza kupita ofisini: aliyetaka chumba katika nyumba ya wakfu alibidi aonyeshe kwamba bibi yake alikuwa miongoni mwa mahuru waliotajwa katika waraka wa mwanzo. Katika majalada hayo nasaba za mahuru hupatikana kama ambavyo nasaba za masharifu hupatikana katika shajara, yaani mtoto juu ya mzazi, mzazi juu ya babu, isipokuwa kwamba badala ya kuishia Tarim, mji wa Hadhramaut, huishia katika jina moja lisilo na baba, la yule aliyeachwa huru.

Wanawake wanahitaji njia yao wenyewe, kwa sababu sheria iliwaficha kwa namna ya pekee. Suria, yaani mtumwa mwanamke aliyechukuliwa na bwana wake kama mke bila nikahi, akimzalia mtoto hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto naye alizaliwa huru, akabeba nisba ya baba na kurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Matokeo yake ni kwamba katika nasaba ya wanaume tupu mama hatajwi, na ukoo wenye jina la Kiomani unaweza kuwa na bibi Myao, Mzigua au Mhabeshi katika kila kizazi bila karatasi moja kusema hivyo. Ushahidi bora zaidi wa hali hii umetoka ndani ya jumba la kifalme: Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akaeleza bila kuficha kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto. Familia zisizo za kifalme hazikuacha kitabu. Amri ya mwaka 1897 iliwaacha masuria nje ya uhuru ule wa mahakamani, wakawekwa katika hali ya wake wa ndoa, na hadi mwaka 1909 amri nyingine ilipowahusisha nao, majina yao hayakuwa na sababu ya kuingia katika madaftari yaliyojaa majina ya wakulima na wachukuzi. Kwa hiyo bibi hutafutwa katika wosia wa babu, ambamo bwana anayejua kwamba kifo chake kinamwacha suria bila matunzo humwandikia sehemu, na mara kwa mara humtaja kwa jina na kwa watoto aliomzalia.

Wamisionari waliandika kwa nia tofauti na ya kadhi, na maandishi yao yana sauti ambayo mahakama haikuitaka. Jumuiya ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA ilipokea wavulana wake watano wa kwanza mwaka 1864 kutoka kwa Sultani Majid, waliokuwa wametwaliwa katika jahazi la magendo, na shule iliyokua kutokana nao ilikaa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mwaka 1887 mwalimu wa huko, A. C. Madan, alitoa kitabu cha masimulizi ya wanafunzi wenyewe kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa. Ndani yake kuna vijiji, mito, vita, njaa na majina ya machifu, mambo ambayo hayamo katika daftari lolote la balozi, na yeyote anayetaka kujua Mnyasa wa orodha ya Rigby alitoka maisha ya namna gani hana pa kuanzia pazuri kuliko hapo. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, waliweka vitabu vya ubatizo na ndoa za watoto waliokombolewa, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zao imehifadhiwa Chevilly-Larue karibu na Paris. Shida katika vitabu hivi ni jina jipya juu ya jina jipya: mtoto aliyekwisha kubadilishwa na mwenye mali alibatizwa Maria au Yosefu, na jina la nyumbani, kama liliandikwa, huwa limebanwa pembezoni mwa ukurasa kwa tahajia ya Kifaransa.

Mombasa ilipata makazi ya namna hiyo mwaka 1875, jumuiya nyingine ya kimisionari ya Kianglikana, CMS, ilipoanzisha Frere Town huko Kisauni kwa ajili ya watu walionaswa na manowari za Kiingereza katika majahazi, wakitanguliwa na Waafrika waliolelewa India, karibu na Bombay, ambao wao wenyewe walikuwa wameokolewa baharini miaka mingi nyuma. Rabai, kituo cha zamani cha wamisionari Krapf na Rebmann, ilikuwa imejaa watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana hao na kuwapa hati watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani. Kutokana na jamii hii kilitoka kitabu cha Kiswahili ambacho ni nadra kwa thamani yake kwa somo hili, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, ambamo mwana anaandika jinsi baba yake alivyotekwa na jinsi alivyofikishwa Frere Town. Kitabu hicho kimeandikwa kwa shukrani nyingi kwa Waingereza, na msomaji wa leo ana haki ya kuipima shukrani hiyo. Hata hivyo kinathibitisha kwamba habari ya kutekwa iliweza kuvuka kizazi kimoja ikiwa na mahali na watu wake, pale ambapo familia haikuona aibu kuisimulia.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani utumwa haukufutwa kwa amri moja. Utawala ulitoa barua za uhuru, moja kwa kila mtu, kwa aliyejikomboa kwa fedha, aliyeachwa na bwana wake au aliyenyang'anywa na serikali, na agizo la mwaka 1904 lilitamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Hadhi yenyewe ilikomeshwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kinachozidisha thamani ya barua hizo ni kwamba zilikabidhiwa kwa mwenyewe, kwa hiyo nakala zake hazitafutwi katika hifadhi za taifa peke yake bali pia katika masanduku ya nyumbani huko Tanga, Pangani, Bagamoyo, Tabora na Ujiji, zikiwa zimekunjwa pamoja na stakabadhi za kodi. Uhitaji wa haraka zaidi katika kazi hii yote uko hapo, kwa maana karatasi ya hifadhi ya taifa itangoja, na ya sandukuni huliwa na mchwa.

Sensa za Zanzibar za karne ya 20 zinaweza kumpoteza asiyejihadhari. Kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931 idadi ya waliojiita Waswahili ilishuka ghafla, na waliojitambulisha kwa majina ya wenyeji wa asili wa visiwa, kama vile Wahadimu na Washirazi, wakaongezeka, bila kuwapo vifo au uhamaji wa kueleza badiliko hilo. Watu walewale walikuwa wamechagua jina jingine, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa masikioni mwao. Kusema kwamba walidanganya ni kutowatendea haki. Waliozaliwa na wazazi walionyang'anywa asili walijitafutia asili mahali walipokuwa wamezika wazazi hao, na mtafiti anayekutana na mzee Mshirazi mwaka 1948 ambaye baba yake ni Mngindo katika daftari la mwaka 1898 amekutana na maisha mawili ya kweli ya ukoo mmoja.

Wapo pia waliouzwa mbali zaidi, wakavushwa hadi Oman na Ghuba kufanya kazi katika mitende na katika kupiga mbizi kutafuta lulu. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 baadhi yao walikimbilia kwa mawakala wa Uingereza wa Maskati, Sharjah na Bahrain kuomba hati za uhuru, na kila aliyefika alitakiwa kutoa maelezo, yakaandikwa na kutiwa alama ya kidole gumba: jina, umri, mahali alipozaliwa, wazazi, aliyemteka, bandari aliyopitishwa na kila mkono uliomnunua. Majalada hayo ni sehemu ya kumbukumbu za Ofisi ya India zilizoko London, na mengi yake sasa yanasomwa bila malipo kwenye intaneti kupitia Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Tofauti na daftari la Rigby, aliyeulizwa hapa ni mtumwa mwenyewe, na kwa kuwa uhuru wake mara nyingi ulitegemea kuonyesha kwamba alizaliwa huru na akatekwa, alikuwa na kila sababu ya kumtaja baba yake na mama yake kwa majina yao ya kwao.